Zinki kwenye karanga: pima udongo kwanza, weka kidogo, acha ukanda wa kulinganisha

Ninauza pembejeo Muheza mjini na ninalima karanga Pongwe, juu ya yale mawe ya chokaa yanayochimbwa kwa ajili ya saruji. Zinki kwangu ni bidhaa ya dukani, na pia ni kitu ambacho shamba langu lenyewe linakidai. Kila Januari, watu wakianza kujiandaa na masika, wanaulizia zinki, na jibu langu la kwanza haliwafurahishi: usinunue leo. Kachukue kwanza udongo ukapimwe.

Msimu mmoja alikuja kijana kutoka upande wa Mkinga. "Shikamoo mama. Naomba ile dawa ya njano."

"Marahaba, mwanangu. Njano ipi?"

Hakujua. Kwake njano ni njano, karanga zimebadilika rangi basi. Nilimwomba arudi na mche mmoja mzima, na mizizi yake. Alipouleta, majani ya chini ndiyo yaliyokuwa ya njano, ya juu ni kijani, na vinundu vya kwenye mizizi vilikuwa vichache, vyeupe ndani. Ile ilikuwa njaa ya naitrojeni, zinki isingemsaidia chochote. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa wale ambao shamba lao kweli lina upungufu lakini hawajui waweke kiasi gani, lini, na kwa njia ipi.

Kwa nini nasisitiza kupima

Mbolea nyingi, ukizidisha kidogo, hasara yake ni fedha. Zinki kwenye karanga haiko hivyo. Karanga ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi zaidi na zinki iliyozidi, hasa udongo ukiwa na tindikali. Wakulima wa karanga wa jimbo la Georgia, Marekani, wanalijua hilo vizuri: kwenye mashamba yaliyolimbikiza zinki kwa miaka mingi, mche hudumaa, shina linageuka la zambarau, kisha linapasuka karibu na ardhi. Wao hutazama hata uwiano wa kalisi na zinki kwenye majibu ya maabara. Kalisi isipofika mara 50 ya zinki, wanaanza kuwa na wasiwasi na shamba hilo.

Na zinki ikikiuka mpaka huo, huwezi kuichota tena kutoka ardhini. Haichukuliwi na mvua kwa urahisi kama naitrojeni, inabaki palepale. Unachoweza kufanya ni kuweka chokaa ili kupandisha pH (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali) na kuifunga zinki, mmea usiipate. Ndiyo maana kiasi tunachozungumzia hapa ni kidogo sana: kilo 2 za zinki yenyewe kwa ekari nzima, tena kwenye udongo uliothibitika kuwa na upungufu.

Upande wa pili, palipo na upungufu wa kweli, kilo hizo 2 zina kazi kubwa. Mmea unahitaji zinki kuendesha vimeng'enya vyake na kutengeneza oksini, homoni inayorefusha shina na kutanua jani. Ikikosekana, mche unabaki mfupi, majani madogo, maua machache, na maganda yanapungua. Walaji nao wamo. Tangu 2004 WHO na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, na kina mama wengi wa hapa wameshapewa vidonge hivyo kliniki. Karanga tunazosaga kwenye kisamvu na mchicha, tunazopikia kashata, nazo ni chakula chenye zinki, na udongo maskini hutoa chakula maskini. Mimi hilo nalichukulia kwa uzito kama ninavyochukulia bei ya gunia.

Udongo upi wa kutilia shaka

Kwetu Tanga naangalia hali nne. Kwanza, mchanga mwepesi wa karibu na pwani, wenye mboji kidogo, usioshika kitu. Pili, udongo wa juu ya mawe ya chokaa au matumbawe, kama huu wa Pongwe na wa kuelekea mapango ya Amboni. Hapo zinki inaweza kuwepo, ila imefungwa, kwa sababu kila pH inapopanda kwa hatua moja, zinki inayoyeyuka kwenye maji ya udongo hushuka takriban mara 100. Mkulima anashangaa udongo mweusi mzuri halafu karanga zimedumaa. Tatu, mahali palipochongwa au kumomonyoka hadi udongo wa chini umetokeza. Nne, shamba lililolishwa mbolea za fosforasi, DAP au TSP, kwa wingi mwaka baada ya mwaka, maana fosforasi nyingi huzuia mmea kupata zinki.

Ukiwa na michungwa pembeni, itazame. Mchungwa wenye njaa ya zinki hutoa majani mapya madogo, membamba, yaliyosimama wima, yenye njano kali katikati ya mishipa ya kijani. Kwa watu wa Muheza huu ni msaada wa bure, kwa sababu michungwa haikosekani. Haithibitishi kila kitu kuhusu karanga zako, lakini inakuambia safari ya maabara haitakuwa ya bure.

Kutofautisha njano

Upungufu wa zinki huanzia juu, kwenye majani machanga. Yanakuwa madogo kuliko kawaida, njano inajitokeza katikati ya mishipa, na pingili za shina zinafupika hadi majani yanakaa yamesongamana. Mara nyingi mabaka hayo shambani yanafuata udongo wenyewe: pale penye mchanga zaidi, au pale trekta lilipokwangua.

Upungufu wa chuma nao huanzia juu, tena kwenye udongo uleule wa chokaa, ndiyo maana unachanganya watu. Tofauti ninayoitegemea ni ukubwa wa jani. Kwa chuma, jani changa linakuwa la njano hadi karibu jeupe, mishipa ikibaki kijani mwanzoni, lakini ukubwa wake haupungui sana. Kwa zinki jani lenyewe linakuwa dogo. Na vyote viwili vinaweza kukutana kwenye shamba moja, usishangae.

Naitrojeni na magnesi huanzia chini, kwenye majani ya zamani. Ukishaona njano iko chini na juu ni kijani, acha habari za zinki. Ng'oa mche, kata kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha pinki ndani, kinafanya kazi ya kukamata naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijivu, hapo ndipo penye tatizo.

Ugonjwa unaonitia wasiwasi zaidi ni rozeti, kwa sababu nao hufupisha mche na kusonganisha majani. Huu ni wa virusi, unaenezwa na vidukari, na hautibiki kwa mbolea yoyote. Utaujua kwa kuwa mche mmoja umekunjamana na majani yana mabaka, na jirani yake kwenye mstari uleule, udongo uleule, ni mzima kabisa. Njaa ya zinki haichagui mche mmoja mmoja namna hiyo. Geuza majani utafute vidukari kwenye vichipukizi. Rozeti ukiizuia ni kwa kupanda mapema, kupanda kwa nafasi iliyobana, na kutumia mbegu inayostahimili.

Na maganda matupu? Wengi huja wakitaka zinki kwa sababu walivuna maganda makubwa yasiyo na punje. Hiyo kwa kawaida ni njaa ya kalisi. Ganda la karanga likiwa ardhini hufyonza kalisi moja kwa moja kutoka udongo uliolizunguka, haliipati ya kutosha kupitia mizizi. Dawa yake ni jasi, na sisi wa Tanga tuna bahati kwamba jasi inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, siyo mbali. Mwaga kama kilo 100 kwa ekari juu ya mistari karanga zinapoanza kutoa maua.

Kuchukua udongo bila kuuharibu

Hapa watu hupoteza majibu kabla hata ya kufika maabara. Ndoo yetu ya kawaida ya bati imepakwa zinki. Ukichanganyia udongo humo, maabara itapima ndoo yako. Tumia ndoo ya plastiki, safi, ambayo haikubeba mbolea. Jembe au sepetu iwe ya chuma cha kawaida, isiyopakwa zinki, isuguliwe kwa udongo wa shamba lenyewe kabla ya kuanza.

Tembea kwa mtindo wa zigizagi, uchukue sehemu 15 hadi 20 kwa shamba la aina moja ya udongo. Ondoa takataka za juu, chimba hadi sentimita 20, ukate kipande chembamba cha upande wa shimo kutoka juu hadi chini. Ruka vichuguu, zizi la zamani, mahali palipochomwa takataka, na njia ya watu. Ruka pia sehemu yoyote inayopokea maji yanayotiririka kutoka paa la mabati, maana maji hayo hushuka na zinki. Palipochomwa matairi ni pabaya zaidi, kwani mpira wa tairi una oksidi ya zinki ndani yake. Sehemu hiyo usiipande karanga kabisa.

Vunja mabonge, changanya, gawa mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, hadi ubaki na nusu kilo. Anika kivulini juu ya karatasi safi, siyo juu ya bati. Tia kwenye mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko wa pili weka karatasi yenye jina la shamba, kijiji, tarehe, zao lililotangulia na mbolea uliyotumia. Shamba lenye udongo wa rangi mbili ni sampuli mbili.

Sisi wa mkoa huu tuna TARI Mlingano hapahapa wilayani Muheza, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kilichoanza na utafiti wa mkonge na ambacho leo kinashughulikia rutuba ya udongo. Ukiwa njia ya Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine nacho kina maabara. Ukifika, omba wazi: pH, mboji, fosforasi, kalisi na zinki. Usiposema zinki, huenda wakakupimia vile vya kawaida tu ukarudi nyumbani bila jibu ulilolifuata.

Kipimo kinachotumika sana kwa zinki kinaitwa DTPA. Wanasayansi wa udongo Lindsay na Norvell waliandika juu yake mwaka 1978. Uliza kama ndicho walichotumia, kwa sababu namba za njia nyingine hazisomwi kwa mizani hiyo. Kwa DTPA, mimi hufuata hivi: chini ya miligramu 0.6 kwa kilo ya udongo, shamba lina upungufu, weka. Kati ya 0.6 na 1, jaribu kwenye ukanda mdogo tu. Juu ya 1, tunza fedha zako.

Isome pamoja na pH. Ikiwa chini ya 5.5, rekebisha tindikali kwanza kwa chokaa ya kilimo, kwa sababu hapo zinki inayeyuka sana na karanga ziko karibu na sumu kuliko njaa. Karanga hupenda pH ya 5.8 hadi 6.5. Ikiwa juu ya 7.5, kama kwangu, zinki ya ardhini itafungwa kwa sehemu kubwa, na kupulizia majani kutakupa faida ya haraka zaidi.

Kununua: soma asilimia, siyo ukubwa wa mfuko

Inayopatikana zaidi ni salfeti ya zinki, nayo iko ya aina mbili. Moja ina maji mengi ndani ya chembe zake, inaandikwa asilimia 21 au karibu na hapo. Nyingine ina maji machache, inafika asilimia 33 au zaidi. Kwa macho zote ni nyeupe. Hesabu ni rahisi: chukua kilo 2 zinazohitajika, zidisha kwa 100, gawa kwa asilimia iliyoandikwa. Kwa ya 21 unapata kilo 9.5, sema 10. Kwa ya 33 unapata kilo 6. Mtu akikuambia "weka kilo 10 kwa ekari" bila kukuuliza mfuko wako unasema asilimia ngapi, hajakupa ushauri. Ukitumia kilo 10 za ile kali, umezidisha zaidi ya nusu.

Tazama lebo, uone usajili wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, jina la mtengenezaji na tarehe. Mfuko uliofunguliwa na kupimwa kwa kikombe usiununue, hata kwangu.

Kuna jaribio ninalofanya mbele ya mteja, na natamani kila duka lifanye. Salfeti ya magnesi inafanana sana na salfeti ya zinki, na ni ya bei ndogo, kwa hiyo wadanganyifu hupenda kuichanganya. Yeyusha kijiko cha DAP kwenye glasi ya maji, uache itulie, umimine maji ya juu yaliyo safi kwenye glasi nyingine. Yeyusha zinki kwenye glasi ya tatu. Mimina maji ya zinki ndani ya yale ya DAP. Ikiwa ni zinki, maji yanavurugika na mabonge mazito meupe yanajitokeza. Ikiwa ni magnesi, hayajitokezi mabonge ya namna hiyo. Glasi hizo zisirudi jikoni.

Mtu akishaona mabonge yale, simuelezi tena kwa nini asichanganye zinki na DAP kwenye debe moja. Ameona kwa macho yake: vimekutana, vimeshikana, na mzizi hauwezi kunywa bonge. Fosforasi iende wakati wa kulima, DAP au TSP, au mbolea ya Minjingu kwa wenye udongo wa tindikali, na zinki imwagwe siku nyingine na kuchanganywa na udongo.

Kuweka ardhini

Fanya wiki moja au mbili kabla ya kupanda, wakati wa kulima kwa mara ya mwisho. Kwa masika maana yake ni kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi, kutegemea mvua ilivyoanza kwako. Kwa vuli ni Septemba au mwanzo wa Oktoba.

Kilo 10 kwenye ekari ni kidogo mno kumwaga kwa mkono zikaenea sawasawa, kwa hiyo changanya na kitu cha kuongeza wingi. Mimi natumia kilo 50 za mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa baharini usiutumie: una chumvi, na una vipande vya makombe ambavyo ni chokaa. Samadi kavu iliyooza na kuchekechwa inafaa pia. Geuza kwa koleo juu ya turubai hadi usione michirizi myeupe.

Ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 igawe robo nne za hatua 35 kwa 35, uweke kijiti kila kona. Mchanganyiko nao ugawe kwa mizani mafungu manne, na kila fungu nusu mbili. Nusu ya kwanza imwage ukitembea kaskazini kwenda kusini, nusu ya pili mashariki kwenda magharibi. Ni kazi ya kuchosha, lakini mgawo usio sawa kwenye zinki hukuachia mabaka ya njaa na mabaka ya sumu katika shamba moja. Kisha lima, uichanganye hadi sentimita 10 au 15. Zinki haitembei ardhini, ukiiacha juu inabaki juu, na mizizi iko chini.

Wapo wanaotia zinki kwenye shimo la mbegu ili kuokoa mbolea. Kwa karanga sishauri. Mbegu ya karanga ina ngozi nyembamba na mzizi wake wa kwanza ni laini. Chembe za zinki zikirundikana pembeni yake zitaiunguza. Kulowesha mbegu kwenye maji ya zinki, vilevile, sishauri.

Baada ya hapo panda kama kawaida, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu, kina cha sentimita 5. Pendo, Mnanje, Naliendele na Mangaka ni mbegu zilizotoka utafiti wa Naliendele, Mtwara. Chagua kwa urefu wa mvua yako.

Ukishaweka mara moja, usirudie msimu unaofuata. Zinki ya ardhini hutumika kwa misimu miwili mitatu au zaidi. Pima tena ndipo uamue.

Kupulizia majani

Njia hii ni ya wenye pH ya juu, ya waliochelewa kugundua, na ya wanaotaka kujaribu kabla ya kugharamia ekari nzima. Kipimo ni gramu 5 za salfeti ya zinki ya asilimia 21 kwa lita moja ya maji, pamoja na gramu 2.5 za chokaa iliyozimwa. Kwa bomba la lita 16 ni gramu 80 za zinki na 40 za chokaa. Kwa bomba la lita 20 ni gramu 100 na 50. Ukiwa na ile ya asilimia 33, shuka hadi gramu 3 kwa lita. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo, vijiko vinadanganya.

Chokaa ni ya lazima. Maji ya zinki peke yake yana tindikali na huunguza kingo za majani, chokaa inapunguza ukali huo. Tumia chokaa nyeupe ya kupaka ukutani isiyo na rangi wala gundi. Yeyusha zinki kwenye ndoo ya plastiki ya maji. Koroga chokaa kwenye kopo lingine, ichuje kwa kitambaa, kisha imimine taratibu ndani ya maji ya zinki huku ukikoroga. Usipochuja, utatumia asubuhi nzima kuzibua pua ya bomba.

Puliza mapema asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likishapungua. Mara ya kwanza wiki ya nne au ya tano baada ya kuota, maua yanapoanza. Mara ya pili wiki mbili baadaye. Ekari moja hunywa kama lita 200. Majani yalowe, yasidondoshe. Mvua ikinyesha ndani ya saa chache, kazi imepotea.

Usiichanganye bombani na mbolea ya maji yenye fosforasi, mabonge ya kwenye glasi yatajitokeza humo. Dawa ya ukungu pia ipulizie siku yake. Nikiwa hapo niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mankozebu, ile dawa ya unga wa manjano ya madoa ya majani, ina zinki kidogo ndani yake. Ukiwa unaipuliza mara kwa mara, karanga zako tayari zinapata zinki kiasi, na kama zimekuwa kijani baada ya kuipuliza, usikimbilie kusema ugonjwa umepona. Huenda ulikuwa unatibu njaa.

Vaa miwani na glavu. Salfeti ya zinki ikiingia jichoni inadhuru vibaya, osha kwa maji mengi dakika 15 na uende kituo cha afya. Na kwa sababu inafanana na chumvi, na hata sukari, kamwe usiihamishie kwenye kopo la jikoni. Ibaki kwenye mfuko wake wenye maandishi, juu, mbali na watoto. Hili nawaambia kina mama kwa sauti kubwa kila mara.

Ukanda wa kulinganisha

Kazi ya ukanda huu ni kuyapima maneno yangu na yako. Katikati ya shamba, acha mistari kama mitano usiyoiwekea zinki, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa shamba, mingine yote ikipata. Usiiache pembeni, pembeni kuna kivuli, mbuzi na wapita njia. Weka vijiti vya rangi. Palizi, jasi, dawa, vyote vifanane.

Ukiwa hujapata nafasi ya kwenda maabara, geuza mpango huo: puliza mistari mitano, uiache iliyobaki. Baada ya siku 7 hadi 10, tazama majani mapya yaliyotoka baada ya kupuliza. Yale ya zamani hayarudishi ukubwa, usiyahukumu hayo. Majani mapya yakiwa mapana na ya kijani kwenye mistari mitano tu, umepata jibu. Yakiwa sawa pande zote, zinki siyo njaa yako, na umetumia gramu chache kujua hilo badala ya mfuko mzima.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 zimekwenda. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kuvunjwa, mvua haikuja ilivyotarajiwa, na waliopanga hawakuwa wameuchunguza kwanza kwa kiwango kilichostahili. Walikuwa na matrekta na fedha. Sisi wenye ekari moja au mbili tunaweza kufanya kile ambacho wao hawakukifanya, kwa ndoo ya plastiki na mistari mitano.

Siku ya kuvuna, ng'oa urefu uleule kwenye mistari yenye zinki na isiyo na zinki, mfano hatua 20 kila upande. Anika kila fungu peke yake hadi karanga zicheze ndani ya ganda. Pima uzito na maganda, kisha menya na upime punje. Andika yote mawili kwenye daftari pamoja na majibu ya maabara, asilimia iliyokuwa kwenye mfuko, kilo ulizoweka na tarehe. Ukikodisha shamba mwakani, mpe mwenzako nakala ya ukurasa huo, maana zinki yako bado itakuwa ardhini naye asipojua ataongeza nyingine.